Ala ya Hamsini na Tatu

Kompyuta ilikuwa ya marehemu mwalimu wa muziki, mume wa shangazi yake fundi, na tangu msiba ilikaa kimya juu ya kabati. Shangazi alitaka kitu kimoja tu: ndugu wakikusanyika Jumapili, wausikie wimbo ambao mumewe aliutunga kwa mashine ile.

Fundi aliipeleka karakanani kwake. Alibadilisha kapasita zilizovimba, vile vijipipa vya kutunza umeme, akaiwasha, akaucheza wimbo. Ulikuwa faili la midi, na faili la namna hiyo halibebi sauti. Hubeba maagizo tu: noti ipi, lini, kwa ala ya namba ngapi. Sauti hutolewa na draiva, programu inayosoma maagizo hayo na kuchota ala kutoka kwenye hifadhi yake. Draiva hii ilikuwa ya kizamani. Kinanda kililia kama bati, na kila ilipofika zamu ya ala ya hamsini na tatu, ile ya kwaya, spika zilikwaruza kama mtu anayekohoa ndani ya ndoo. Fundi hakuusikiliza mpaka mwisho. Aliweka draiva bora zaidi, nayo ilipouliza kama ifute hifadhi ya zamani, alikubali. Nakala hakuchukua, yeye ambaye huwafokea wateja kwa kosa hilohilo.

Jumapili sebule ilijaa. Wimbo ulitoka safi, kwaya ikapanda kama ya watu mia.

"Kumbe shemeji alikuwa anatuficha!" alisema mdogo wake shangazi. "Mtu ana kwaya nzima ndani, anatupigia mluzi!"

Shangazi hakucheka. Aliinamia spika.

"Rudia, mwanangu."

Fundi akarudia.

"Na mimi niko wapi?"

"Shangazi?"

"Hapo kwenye kwaya. Alinirekodi jikoni, akanitia humo. Alisema mashine yake haina mwanamke anayejua kuimba."

"Ndiyo akakuchukua wewe? Masikini, alikosa kabisa!" mdogo wake akadakia, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Fundi alielewa papo hapo alichokuwa amekifuta.

"Itakuwa diski, shangazi," alisema. "Imezeeka. Sehemu nyingine zimeoza."

"Pole, mwanangu. Umejitahidi." Alimpapasa bega. "Basi kama imeoza, kesho itupwe. Nitaifuta vumbi mpaka lini?"

Nyimbo nyingine zote za marehemu zilikuwa humo, nzima.

"Isitupwe," alisema fundi. "Diski haina neno. Ni mimi niliyekufuta. Nilisikia kwaya inakwaruza, nikadhani ni hitilafu, nikaweka nyingine."

Kicheko kilikatika. Mdogo wake shangazi akaanza kuchunguza glasi yake.

"Ulidhani mimi ni hitilafu."

"Ndiyo."

"Na hukubakiza popote?"

"Sikubakiza."

Shangazi alivuta kiti, akaketi mbele yake. Fundi alijiweka tayari kufokewa. Kusema kweli, alitamani afokewe. Lakini shangazi aliuliza taratibu:

"Wewe ndiye wa mwisho kuisikia. Ilikuwaje? Nilicheka kidogo pale mwishoni. Kicheko alikiacha, au alikikata?"

Fundi alijaribu. Kapasita alizikumbuka, hata rangi zake. Maneno ya lile swali la kufuta kwenye kioo cha kompyuta aliyakumbuka neno kwa neno. Ile sauti aliisikiliza kwa muda uliotosha kuichukia tu.

"Sijui, shangazi."

"Fikiri kwanza," alisema shangazi, na akaendelea kumtazama, akisubiri.