Barakoa ya Salfa

Kinyaa cha Riziki hakikuanza juzi. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kuchambua mchicha jani moja moja akitafuta mdudu, na akimpata tu, anasusa chakula cha siku nzima. Kikombe alichonywea mtu mwingine hakigusi mpaka akisuuze mara mbili. Sasa mtu wa namna hiyo kamaliza kidato cha sita, matokeo yametoka, na anataka kusomea uuguzi. Kijiji kizima cha Mpapura hakuna aliyeona ajabu. Watu wakisikia nesi wanaona gauni jeupe, saa ya kubandika kifuani na mshahara wa serikali. Mkojo hawauoni.

Aliyelishikia bango jambo hili alikuwa Zuberi, mjomba wake, kaka wa mama yake. Kwao mjomba akishasema neno kuhusu mtoto wa dada yake, baba hubaki kukohoa tu. Zuberi alileta kipeperushi cha chuo kimoja cha binafsi: karatasi inang'aa, msichana anacheka, kashika mkono wa mdoli aliyelazwa kitandani.

"Hiki ndicho chuo," alisema, akiigonga karatasi kwa kidole. "Mwaka wa kwanza mzima mnajifunzia kwenye midoli. Mgonjwa mnamsikia tu."

Kulikuwa na chuo kingine, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, ambacho mwalimu wa baiolojia alikisifu sana. Zuberi alikitaja akiwa amekunja pua. Huko, alisema, wiki ya kwanza tu mwanafunzi anapewa beseni na kupelekwa wodini kuogesha watu. Riziki alisikia mwili ukimsisimka kwa kinyaa. Akakisoma kipeperushi mpaka mikunjo ikachanika, na akampenda yule mdoli, maana mdoli hana harufu. Dirisha la maombi lilikuwa lifungwe Ijumaa ya mwisho ya Julai.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na mgonjwa ambaye si mdoli. Bibi Somoe, mama yake Zuberi, alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni. Hospitali walisema mguu ukatwe, bibi akakataa katakata, wakamrudisha nyumbani na dawa na furushi la bandeji, kidonda kisafishwe kila siku. Mama yake Riziki alikuwa shambani kutwa, ni msimu wa kupulizia mikorosho, kwa hiyo bibi akakabidhiwa kwa "nesi wetu". Jina hilo alilitoa Zuberi, na nyumba nzima ikalidaka.

Harufu ile Riziki hakuiweza. Siku ya kwanza alikimbilia uani akiwa ameziba mdomo. Siku ya pili alifungua stoo akatoa vifaa vya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho: ile barakoa kubwa ya mpira yenye vichujio mashavuni, miwani, na glovu zinazofika kwenye viwiko. Akavaa vyote, ndipo akaingia kwa bibi yake. Kitambaa cha kuogeshea alikifunga kwenye ncha ya mwiko mkuukuu, akawa anamsugua kwa mbali, kama mtu anayepaka chokaa ukuta. Bibi alimtazama, akacheka kidogo, kisha akageukia ukutani.

Alifanya hivyo wiki baada ya wiki. Halafu bibi mwenyewe akaanza kumsaidia. "Acha tu, njukuu wangu," alisema asubuhi moja alipomwona amesimama mlangoni na mwiko wake. "Leo hakiumi." Riziki alishukuru moyoni, akafunga mlango. Kesho yake tena hakiumi, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Kila jioni mama yake aliporudi shambani alimuuliza kama amebadilisha bandeji, naye alijibu amebadilisha. Uongo ule ulimtoka kirahisi kuliko maji ya kunawa.

Jumapili alfajiri Bibi Somoe akafariki, wakamzika Jumatatu.

Siku ya kuanua tanga, Jumatano, watu walijaa chini ya turubai. Zuberi alisimama katikati ya wanaume, kanzu imepigwa pasi, akaanza kumwaga sifa. "Mama yangu hakuuguzwa na ntu wa kuazima," alisema. "Kauguzwa na nesi wake wa damu, mchana na usiku, mpaka pumzi ya mwisho. Huyo hapo!" Na kidole akamnyooshea Riziki. Huyu Zuberi, tangu Mei, alikuwa akimsalimia mama yake kupitia dirishani, tena bila kushuka kwenye pikipiki. Leo machozi yanamlengalenga. Riziki alimtazama mdomo unavyokwenda, akamchukia, kisha akaona kwamba yeye mwenyewe ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, anapokea. Hapo akajichukia zaidi.

Ndipo akaingia Bi Asha.

Bi Asha alikuwa mtani wa ukoo wao, mtu mzima, mkavu, mwenye ulimi usiopumzika. Ndiye aliyeongoza wanawake kuiosha maiti, na barakoa na mwiko wenye kitambaa alivikuta mlangoni mwa marehemu. Siku kama ile mtani ana ruhusa zote: amwigize marehemu, aiseme nyumba, awaanike waliobaki, na ole wake mwenye kununa. Alitokea nyuma ya nyumba amevaa ile barakoa ya salfa, miwani, glovu mpaka kwenye viwiko, na mgongoni mashine tupu ya kupulizia. Mkononi ameshika mwiko. Mwanamke mwenzake alijilaza mkekani akakunja mguu, akawa ndiye Bibi Somoe.

"Shikamoo bibi!" Bi Asha alipiga kelele ndani ya mpira, akiwa hatua kumi kutoka mkekani. "Nesi nimekuja! Usipumue huku!"

Turubai zima likaangua kicheko. Akazunguka mkeka kwa kunyata, akamdonoa mgonjwa kwa mwiko, akaruka nyuma, akashika pua juu ya barakoa. Kisha akaelekeza bomba la mashine, akaanza kumpulizia kichwani mpaka miguuni, huku akivuma kwa mdomo, vuuu, vuuu.

"Njukuu wangu," akasema yule wa mkekani kwa sauti ya Bibi Somoe hasa, ile ya puani, "nipulizie na kwapani, nkorosho huu umeingia ubwiri!"

Wenye mikorosho wote waliujua ubwiri, ule ukungu mweupe unaoua maua, na watu walicheka wakashika mbavu. Mama yake Riziki alicheka huku analia. Zuberi alicheka kuliko wote, akipiga mapaja. Riziki naye alicheka, maana ni lazima ucheke, na meno yake yalikuwa makavu. Alitazama vinywa vile vilivyo wazi, vya majirani ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti cha chumba kile, wanakula pilau ya marehemu na kucheka kidonda chake. Watu walimchefua, naye yumo.

Mchezo ulipokwisha, Bi Asha alimfuata uani. Alikuwa amevua barakoa, uso umelowa jasho, na utani wote umemtoka.

"Pale nilicheza," alisema taratibu. "Hapa sichezi. Nimemwosha mimi. Bandeji ile ilikuwa ya siku ngapi?"

Riziki aliinama kuokota sahani chafu.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Nne."

"Kulikuwa na funza," alisema Bi Asha. "Nimewatoa mmoja mmoja, kwa mkono huu. Mama yako sijamwambia."

"Bibi mwenyewe aliniambia hakiumi."

"Alikuwa anakuonea huruma. Mgonjwa ndiye alikuwa anamuuguza nesi."

Riziki aliinama palepale akatapika, akatapika mpaka ikabaki nyongo tu. Bi Asha hakumshika mgongo wala hakumpa maji. Alimwacha amalize, kisha akarudi kwa wenzake.

Ijumaa, siku ya mwisho ya maombi, Zuberi alimpakia kwenye pikipiki mpaka Mtwara mjini, kwenye duka la fotokopi la Wasim, kijana wa Kihindi anayejazia watu maombi kwenye kompyuta. Foleni ilikuwa ndefu, wazazi na watoto wao, vyeti mikononi. Zuberi alitumia muda wote kuwasimulia wasiomjua jinsi mpwa wake alivyomuuguza marehemu mama yake. Ilipofika zamu yao alikiweka kipeperushi mbele ya Wasim, akakilainisha kwa kiganja.

"Chaguo la kwanza, hiki."

"Hapana," alisema Riziki. Akakitaja chuo cha kule juu.

Wasim akageuka kumtazama. "Dada, kile wengi wanakikimbia. Ukienda unaanza na wodi."

"Najua."

"Huyu hajui analosema!" Zuberi aliinua sauti, watu wakatazama. "Mwanangu, kule utashikishwa mavi ya watu!"

Kinyaa cha Riziki kilikuwa kile kile cha siku zote. Hakikuwa kimepungua hata kidogo. Alipata picha ya kila kitu: beseni, kitambaa, harufu, mkono wake mtupu.

"Ya mama yako sikuyashika, mjomba," alisema, na duka zima likasikia. "Wewe pia hukuyashika. Mguu wake ulioza ukaingia funza, na mimi niko mlango wa pili. Siku nne sikuingia. Usiwaambie tena watu kwamba nilimuuguza."

Zuberi akaondoa kiganja mezani. Mama mmoja kwenye foleni alijifunika uso kwa ushungi. Kipeperushi kilianguka chini, hakuna aliyekiokota.

"Ukishathibitisha, chuo hakibadilishwi," Wasim alisema kwa sauti ndogo, bila kuwatazama.

"Thibitisha."