Nguzo ya Mfereji na Kimo cha Nkuba

Picha ilipofika Iringa, shangazi Apolonia aliivalia miwani, akaisogeza dirishani, akatoa hukumu: mchumba wa Kalista hafai. Dume la ng'ombe lilikuwa limejaza nusu ya picha, na kule nyuma, katikati ya majaruba ya mpunga ya Rujewa, kijimtu kimesimama, kimekunja mikono.

"Hiki ni kigingi cha kufungia ng'ombe," akasema. "Kwetu hatuozeshi binti kwa kigingi."

Hakuna aliyethubutu kucheka, Kalista ndiyo kabisa. Baba yake alikwisha sema kwamba neno la dada yake ndilo la mwisho, na kwa Nkuba, huyo wa pichani, Kalista alikuwa hasikii haambiliki. Walijuana Usangu, ofisi ya ramani ilipompeleka Kalista huko kuchora majaruba hayo. Yeye alishika kamba ya kupimia. Nkuba, kijana wa Kisukuma, alifukuza ng'ombe wake wasiikanyage. Kimo chake alikijua vizuri: wakisimama, ni macho kwa macho.

Alijaribu kumweleza shangazi kwamba kitu kikiwa mbali huonekana kidogo. Shangazi akajibu kwamba mlima nao uko mbali na bado ni mlima. Basi Kalista akaapa kwamba atampima Nkuba humo humo pichani.

Jumamosi mchana aliitandaza picha mezani, akaifunika kwa karatasi ile nyembamba ya ofisini inayoonyesha kilicho chini yake. Majaruba yale yalikatwa kwa trekta, yote sawa. Akayafuata matuta kwa rula na penseli, yakaenda yakibanana mpaka yakakutana kwenye nukta moja, miguuni mwa milima. Akachora na mistari ya kukingama, picha nzima ikavaa wavu ambao matundu yake yalizidi kupungua kadiri yalivyokwenda mbali. Karibu na ng'ombe palikuwa na nguzo ya mfereji aliyowahi kuipima mwenyewe. Akaisafirisha nguzo hiyo kwa mistari, jaruba kwa jaruba, akiipunguza, mpaka ikasimama ubavuni mwa Nkuba.

Nkuba akaipita nguzo. Tena akaipita kwa mbali: kimo chake futi saba kasoro kidogo.

Kalista akafuta, akachora upya. Ikawa vile vile. Angesema kuna kosa, lakini shangazi alikuwa begani pake, ameshaona yote, uso umemchanua kama wa mtu aliyeonja ulanzi, pombe ya mianzi, ule wa kwanza wa masika. Alipitisha kidole kwenye kila mstari, akaridhika. Akadai chaki, akaamuru kimo hicho kipimwe ukutani kando ya mlango, akaweka alama kwa mkono wake.

Kufikia jioni akina mama wa kanisani walijua kwamba Apolonia anapata mkwe atakayechuma mapeasi bila ngazi. Kalista alicheka nao mpaka mbavu zikamuuma, kisha akaenda kujifungia chooni, akaogopa peke yake.

Nkuba alishuka basi Jumapili iliyofuata. Akina mama walikwisha kaa sebuleni, shingo nje. Akaingia bila kuinama.

"Kamwene," akasalimu, Kihehe alichojifunza njiani.

Shangazi akatazama alama, akamtazama Nkuba, akarudia alama.

"Mwanangu," shangazi akauliza polepole, "siku ya picha ulisimama wapi?"

"Juu ya tuta la mfereji, mama. Mpiga picha aliniambia ng'ombe ananificha."

Kalista akajipiga paji la uso. Miguu iliyoinuliwa na tuta ilikuwa juu zaidi pichani, yeye akaisoma kama miguu iliyo mbali zaidi, na aliye mbali zaidi mistari humhesabia kimo kirefu zaidi. Alieleza yote kwa pumzi moja, nguzo, miguu, tuta, akijua ndoa imekwisha.

"Yeye hakudanganya, shangazi," akamaliza. "Mistari ni yangu."

Shangazi akageuka. Alikwenda jikoni, akarudi na kigoda, akakiweka chini ya alama.

"Panda," akamwambia Nkuba.

Nkuba akapanda. Nywele zake zikagusa chaki, barabara kabisa.

"Mnaona wenyewe," shangazi akawaambia wenzake, tena bila haya. Kisha akamgeukia Kalista. "Siku ya harusi, usisahau kubeba kigoda."