Mkono wa Babu Trafiki

Kanisa letu linaitwa Mlango Wazi. Jina hilo lilikuwa na maana zaidi zamani, tulipokuwa na mlango. Siku moja mkaguzi wa majengo alikuja, akalitazama paa la ukumbi tuliokuwa tumepanga, akatoka nje kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka chungu jikoni, na sisi tukajua mambo yameharibika.

Kanisa lenye askofu mkali lingepata ukumbi mwingine wiki hiyohiyo. Sisi hatuna askofu, tuna maoni. Waliotaka ukumbi wa mjini walikuwa wengi, waliotaka wa karibu na soko walikuwa wengi vilevile, na katikati yao walikuwapo waliouliza kama kweli Mungu anahitaji ukumbi. Hao wa mwisho ndio walioshinda, kwa sababu wengine walichoka. Tangu hapo Jumapili moja tunakutana mtandaoni, inayofuata tunakutana nje, kwenye nyasi za uwanja wa mpira, nyuma ya goli lisilo na wavu.

Nalipenda kanisa langu, nisije nikasingiziwa. Kwetu haulizwi mtu amelala wapi jana. Aliyeachika anakaa mbele, mwenye mashaka anapewa kipaza sauti. Hata ungamo letu la imani linaanza hivi: "Tunaamini, kila mtu kwa kadiri yake." Na Mchungaji, mama mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto, humaliza kila mahubiri kwa kusema, "Hayo ni maoni yangu tu, huenda nimekosea."

Sheria ngumu tunayo moja: jambo halipiti wakati kuna mkono juu. Ukumbini sheria hiyo haikumsumbua mtu. Mkono ni nyama na mfupa. Mpinzani ananyoosha, anaongea, bega linauma, anaushusha, jambo linapita. Waasisi wetu hawakujua kwamba haki yao yote ilikuwa imeegemea bega. Mtandaoni mkono hauchoki. Unabonyeza kitufe, kamkono ka manjano kanasimama kwenye kona ya picha yako, na kanaweza kukaa hapo mpaka parapanda ilie.

Sasa njooni kwa Shangazi yangu.

Shangazi ni msusi. Saluni yake ndiyo yenye intaneti ya kuaminika, na mimi ndiye msaidizi wake wa kuosha vichwa, kwa hiyo ndiye mwenyeji wa mikutano. Jumapili naiegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele, nafungua mkutano, na nyuso za waumini zinajipanga kama picha za pasipoti. Shangazi alikuwa ameshapita umri ambao watu huacha kuuliza "lini?" na kuanza kusema "Mungu anajua." Ndipo alipokuja fundi wa mafriji kutengeneza kikaushio cha nywele, ambacho si friji, na akarudi kukitazama mara nyingi kuliko kilivyoharibika.

Fundi alikuwa ameshaoa na kuachana. Makanisa mengine yalimwambia Shangazi akatafute kijana ambaye hajawahi kuoa. Mlango Wazi tu ndilo lingewabariki.

"Mkafungie ndoa ofisini kwa serikali, Shangazi," nilimwambia. "Saini mbili, mmemaliza."

"Ile ya kwanza ya mwenzangu ilifungwa ofisini, na ofisini ikafunguliwa. Mimi nataka watu wangu wasimame."

Na alikuwa na haraka. Fundi alipata kazi ya kudumu kwenye maghala ya barafu, mji wa mbali, kuanzia mwezi mpya. Kampuni inampa nyumba aliyeoa. Asiyeoa anapewa kitanda bwenini, cha juu. Shangazi asipobarikiwa kabla ya hapo, angebaki kwenye saluni akipungia basi mkono.

Jambo likaletwa mtandaoni. Watu wakafurahi, makofi, vigelegele vinavyokatikakatika kwa sababu ya bando. Mchungaji akauliza, "Kuna mkono?"

Kulikuwa na mkono. Wa Babu Trafiki.

Huyu si babu yangu wa damu, ni babu wa kila mtu. Alisimama kwenye njia panda maisha yake yote ya kazi. Mkono wake ulisimamisha malori, mabasi na, wanavyosema, msafara wa waziri mwenye haraka. Barabara ilimwachia pensheni na ikachukua magoti. Sasa anaishi peke yake ghorofa ya tatu, jengo lililo mkabala na saluni, lisilo na lifti. Uwanjani hafiki. Kwa ajili ya watu kama yeye tuliandika kwamba maamuzi yote yafanyike mtandaoni, ili asiachwe mtu. Kwenye kioo anaonekana nusu paji la uso, na juu yake feni ya dari inayozunguka.

"Babu, una swali?" Mchungaji akauliza.

Feni ikazunguka. "Eee," akasema Babu. "Huyo bwana harusi. Friji anazitengeneza, au anazifungua tu?"

"Nazitengeneza, Babu," fundi akajibu.

"Ya kwangu uliifungua."

"Na nikaifunga, Babu."

"Uliifunga vizuri sana. Haigandishi."

Tukacheka. Lakini kwetu swali haliachwi njiani. Mmoja akauliza kama kazi ya mtu ni kipimo cha moyo wake, mwingine akasema moyo nao ni kazi, saa ikaisha. Mama Utaratibu, mtunza hazina wetu, ambaye katiba ya kanisa anaijua kuliko majina ya wajukuu zake, akakohoa. "Mkono bado uko juu. Jambo linaahirishwa."

Jumapili ya mtandaoni iliyofuata, mkono ulikuwa juu hata kabla ya sala ya kufungua.

"Ndoa," akasema Babu Trafiki kutoka chini ya feni, "ni kitu unachoingia, au ni kitu unachojenga?"

Jamani! Kwa kanisa letu hiyo ni sawa na kumwaga sukari mbele ya siafu. Mwalimu mmoja wa sekondari akapiga meza, "Hilo ndilo swali!" Tukagawanywa vikundi vidogo. Kikundi changu kiliamua kwamba ndoa ni mto. Shangazi alikuwa anachana wigi kwa nguvu mpaka likabaki upara.

"Mkono bado uko juu," akasema Mama Utaratibu.

Watu walimwonea huruma Babu. Walinong'ona kwamba mzee wa watu hajui simu, ameubonyeza mkono bila kujua na hajui kuushusha, ila kwa adabu akiulizwa swali anatunga. Kumwelekeza waliona ni kumdharau.

"Wewe si una kitufe cha kumshusha mtu mkono?" Shangazi akaniuliza.

"Ninacho. Ila walipiga kura nisikiguse. Walisema kumshusha mtu mkono ni udikteta."

"Na kumzuia mtu mzima asiolewe ni nini?"

"Swali zuri, Shangazi. Ungelinyooshea mkono."

Akanirushia kitana.

Ikabaki Jumapili moja ya mtandaoni. Baada yake ingekuja ya uwanjani, na Jumatatu yake fundi anasafiri. Shangazi alikaa karibu yangu, amevaa gauni zuri juu na kanga chini, kwa sababu kioo hakifiki kiunoni. Mchungaji akauliza, "Kuna mkono?" Kamkono ka manjano kalikuwa kamesimama palepale, kama askari wa benki.

Shangazi akanifinya paja. Nikabonyeza.

Mkono ukashuka. Mchungaji akavuta pumzi. "Basi naona hakuna..."

Ukapanda.

Nikabonyeza tena. Ukashuka. Ukapanda upesi kuliko mwanzo. Nikabonyeza mara ya tatu, na mara hii nikaiona ncha ya kidole ikipita mbele ya kamera ya Babu, imara, haitafuti njia. Mzee wetu asiyejua simu alikuwa anaijua kuliko mimi mwenyeji.

Shangazi naye alikiona kile kidole. Akasimama, akaondoka na kanga yake. Nikasikia mlango wa saluni, kisha kandambili zikivuka barabara. Baadaye kidogo, kwenye kipicha cha Babu, mlango ukagongwa.

"Shikamoo," ikasema sauti ya Shangazi, ikihema. Hata kwa hasira, adabu ni adabu.

"Marahaba, bibi harusi. Pita, pita, uko wazi."

"Hii haimo kwenye ajenda," akasema Mama Utaratibu.

"Nyamaza," akasema Mchungaji. Halafu akaona haya. "Hayo ni maoni yangu tu."

Wote tukaitazama feni.

"Shusha mkono, Babu."

"Kaa kwanza, umepanda ngazi."

"Sikai. Shusha."

"Nikiushusha mtafanya nini?"

"Tutapitisha, tutaomba, tutafunga."

"Ndiyo hapo."

"Ndiyo hapo nini?"

"Mnafunga." Paji la uso likatoka kwenye picha, feni ikabaki peke yake. "Mnasema kwaheri, kwaheri, kwaheri, mnapunga kama watoto garini, halafu kioo kinakuwa cheusi na mimi nabaki naitazama pua yangu mwenyewe. Jumapili inayofuata mko uwanjani. Upepo ukiwa mwema nawasikia mnaimba. Ukiwa mbaya nasikia jenereta la muuza nyama. Lakini mkono ukiwa juu, hamfungi. Nimeichunguza hiyo."

"Kwa hiyo ndoa yangu umeifanya chambo?"

"Ningetumia jambo jingine, mwanangu. Jambo jingine mlilonalo ni rangi ya viti."

Hilo lilikuwa kweli. Ukumbi hatuna, ila rangi ya viti vyake tunaijadili.

"Na lile swali la kuingia na kujenga, ulilitoa wapi?"

"Nilikuwa nimelala chali, naitazama feni. Lilikuwa zuri, eh?"

Nikazitazama zile nyuso zangu za pasipoti. Mwalimu alikuwa anakuna kidevu. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, na safari hii hakuonekana kuomba. Sisi tuliopiga kura asiachwe mtu, wote kwa pamoja, tuligundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzipanda ngazi zile. Uwazi wa moyo tulikuwa nao. Ghorofa tatu ni nyingi.

Mara dari ikayumba, na uso wa Shangazi ukajaa kioo kizima, jasho na poda.

"Mnanisikia? Harusi ni Jumapili ijayo, hapa chini, kwenye ua wa jengo hili. Na hilo si swali."

"Lakini mkono..." akaanza Mama Utaratibu.

"Mkono wangu hauwahusu," sauti ya Babu ikasema nyuma. "Nitaushusha siku hiyohiyo. Mimi ni trafiki. Siachii gari kabla sijaiona barabara."

Wiki hiyo fundi alipanda kwa Babu na mfuko wa vifaa. Kama alikwenda kwa upendo au kwa hofu, hayo ni yake na Mungu wake. Friji inagandisha sasa. Inagandisha hata nyanya.

Jumapili tukajaa uani, kati ya kamba za nguo na magari yasiyo na magurudumu. Wapangaji waligoma kuanua nguo, kwa hiyo bi harusi aliingia akipita chini ya shuka la mtu. Wagonjwa na walio mbali niliwafunga kwenye mpini wa ufagio, simu ikitazama mbele. Mama Utaratibu alikuwa na katiba mkononi na mwavuli kwenye kwapa. Getini, lori la maji ya tangi lilikuwa limefika likakuta njia imezibwa na kanisa. Dereva alikuwa anapiga honi kama mtu asiye na dini.

Mchungaji akashika spika ya mkononi. "Kuna mkono?"

Shingo zote zikapanda ghorofa ya tatu.

Babu Trafiki alikuwa dirishani, amevaa shati jeupe la zamani na glavu nyeupe. Mkono ulikuwa juu, kiganja kikitutazama. Ua wote ukaganda. Hata honi ilinyamaza. Dereva hakujua kwa nini mguu wake umekwenda kwenye breki.

Tukasubiri. Hapo ndipo nilipoukumbuka ule ukumbi wetu. Huu haukuwa kamkono ka manjano. Ulikuwa mkono wa mzee, na ulianza kutetemeka. Tungengoja kidogo tu ungeshuka wenyewe, na jambo lingepita kisheria kabisa. Nikamwona Mama Utaratibu akiutazama, midomo ikicheza, kama anayehesabu.

Shangazi hakungoja.

"Babu!" akapaza sauti. "Una swali?"

"Ninalo! Jumapili nyingine ya nje mko wapi?"

Fundi akanitazama mimi, mimi nikautazama ufagio. Mchungaji akafungua mdomo aseme huenda, labda, tutajadili. Shangazi akamgeukia Mama Utaratibu, macho makavu, taji la maua limekaa upande.

Mama Utaratibu akaikunja katiba akaisukuma mkobani.

"Hapa," akasema.

"Sisikii!"

"Hapa, Babu! Kila Jumapili ya nje, hapa hapa uani!"

Hapakuwa na kura wala vikundi vidogo. Ni uamuzi wa kwanza kanisa letu kuufanya kwa neno moja, na nasikia baadhi ya watu bado unawakosesha usingizi.

Babu akakaza mgongo. Kiganja kikageuka, mkono ukafagia hewa kutoka kushoto kwenda kulia, laini, kama ulivyofagia njia panda maisha yake yote: piteni.

Shangazi na fundi wakapita mbele. Lori la maji nalo likapita.