Kunusa Chakula cha Mama Mkwe

Siku ya kwanza nilipokinusa chakula cha mama mkwe, alikuwa amepika mbalaga, ndizi za maharage kama wanavyozipika kwao Tukuyu. Tulikaa kwenye mkeka, sinia katikati. Nilichukua kipande cha ndizi nikakitazama. Nikakisogeza puani, nikafumba macho, nikavuta harufu. Ndipo nikakiweka mdomoni, nikatafuna taratibu mpaka kikaisha chenyewe.

Nilipofumbua macho, mkono wa mama ulikuwa umesimama hewani.

"Kimeungua?" aliuliza.

"Hapana, mama. Kitamu."

Hakuuliza tena. Na mimi kwa aibu yangu sikueleza.

Ningeelezaje? Mume wangu Lusekelo yuko machimboni Chunya, na hapa Iyunga tumebaki wawili, mama na mimi. Asubuhi yeye huenda soko la Mwanjelwa kuuza ndizi. Akishatoka tu, mimi hufungua sufuria. Nakula kiporo cha baridi nimesimama, mlango nimeurudishia, kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Naanza na ugali, nahamia kwenye maharage, nalamba mpaka sukari ya kwenye kopo. Sisikii njaa wala utamu. Naacha tumbo likianza kuuma. Halafu naosha sufuria vizuri, na mama akirudi namwambia kiporo kilichacha nikamwaga. Kesho yake nashinda na njaa ili nijiadhibu, na keshokutwa nafungua tena sufuria. Mama aliamini kila neno. Akawa anapika kidogo ili chakula kisilale, na tukikaa kula ananisogezea mimi sehemu kubwa.

Tumbo ndilo lililonipeleka zahanati. Nesi aliyenipokea, dada Eveline, hakunicheka. Aliniingiza kwenye kikundi chake cha wanawake wanaokaa barazani siku za Alhamisi. Wapo wanaokula kwa siri kama mimi, na wapo wanaojinyima mpaka wanaanguka. Mimi niliishia darasa la tano, na pale sikuwahi kufungua mdomo ila kwa kula. Dada Eveline alimpa kila mmoja wetu karanga moja.

"Itazame. Inuse. Iache ulimini kwanza. Wazo likija kukwambia wewe mlafi, wewe mwizi, usigombane nalo. Liache lipite kama lile lori pale barabarani, halafu rudi kwenye karanga yako."

Sikumbuki mara ya mwisho kusikia ladha ya kitu kabla ya karanga ile. Nililia, na hakuna aliyenishangaa.

"Nyumbani mkajaribu mkiwa na wenzenu," alisema. "Mafichoni mmeshapazoea."

Basi nikajaribu. Nikafanya siku ile ya mbalaga, nikafanya na kesho yake. Jumapili, baada ya ibada, akaja wifi yangu Atuganile, anayeuza dagaa jirani na meza ya mama sokoni. Tukazunguka sinia watatu. Nikainua tonge langu.

"Wee wifi," Atuganile alisema, "mbona unanusa kama mbwa wa polisi? Unatafuta nini humo?"

Nilicheka kidogo. Hakucheka mtu mwingine.

"Mwache," mama alisema. Akanyoosha mkono mpaka upande wangu wa sinia, akamega pale pale mbele yangu, akala. "Haya. Nimeonja. Kula, mwanangu."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Hata kwetu Kilolo, anayemkaribisha mtu huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Kitu hicho nilikijua tangu nikiwa mtoto. Kukinusa chakula mbele ya aliyekipika ni kama nimemwambia yeye ni mchawi, tena nimemwambia nikiwa nimefumba macho. Na bado ulimi ukawa mzito. Ili nimwambie simshuku, ilikuwa lazima nimwambie na ya sufuria, na Atuganile alikuwa ananitazama. Nikala.

Tulipotoka kuosha vyombo, wifi alinisogelea karibu.

"Unajua kwa nini mama hakai tena Tukuyu? Mgeni alikula kwake, akafa kesho yake. Watu wakasema. Hakuna aliyemshika na kitu, ila wakasema mpaka kaka, mumeo, akaja kumchukua. Sasa na wewe. Kama humtaki mama kwenye nyumba ya mwanawe, sema kwa mdomo. Usinuse."

Nilisugua sufuria mpaka vidole vikauma.

Siku mbili baadaye mama alirudi mapema kutoka sokoni. Hakuwasha jiko. Nilimkuta chumbani anakunja kanga zake na kuzipanga kwenye begi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa kaka yangu, kule Lutengano."

"Kuna msiba?"

"Hakuna." Alikuwa anaongea na begi. "Atuganile ana mdomo. Leo wenzangu pale sokoni wamenitazama vile vile walivyonitazama kule kijijini. Mimi ni mzee, mwanangu, siwezi kutazamwa hivyo mara mbili. Wewe utapika mwenyewe, utakula bila wasiwasi."

Nikakaa chini mlangoni.

"Mama, kiporo hakijawahi kuchacha."

"Kiporo gani?"

"Vyote. Nilikuwa nakula mimi."

Aligeuka. "Na kande za Jumamosi?"

"Mimi."

"Sufuria nzima?"

"Nzima."

"Kyala, Mungu wangu! Na mimi nimeilaumu sufuria. Nilitaka kununua nyingine." Akakaa kitandani. "Nani anakunyima, Apolonia?"

"Hakuna. Ninyi mnanipa sana. Nakula tu, mama, siwezi kuacha, halafu najichukia." Nikamweleza habari ya karanga, vibaya vibaya, nikianza mwisho na kurudi mwanzo. "Kule kunusa ni dawa niliyopewa. Sikuwa natafuta kitu kibaya. Nilikuwa natafuta utamu wake."

Mama alichomoa kanga moja begini, akaikunja upya.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema.

"Niliona aibu."

"Ukaona heri aibu niivae mimi."

Alifunga zipu ya begi, akaifungua, akaifunga tena.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini waliosikia la kwanza hawamo humu ndani."

Kesho yake, begi likiwa bado limefungwa chumbani, nilibeba mimi ndizi, nikamfuata Mwanjelwa. Mimi ambaye hata kununua nyanya husubiri wengine waondoke. Wanawake walikuwa wameketi nyuma ya meza zao, Atuganile akiwa katikati. Niliwaamkia. Sauti haikutoka vizuri, nikaanza upya. Nikasema nina ugonjwa wa kula kwa siri, kwamba nimekuwa nikiiba chakula cha mama na kumdanganya, na kwamba kunusa nimefundishwa zahanati ili nipone.

"Unaiba maharage ya mkweo?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo."

"Na mwili huo!"

Wakacheka. Wakacheka sana, mpaka wa meza za mbele wakageuka kuuliza kuna nini. Masikio yalikuwa yanawaka, lakini nilisimama, maana walikuwa wananicheka mimi, si mama. Atuganile peke yake aliinamia dagaa zake. "Pole, wifi," alisema chini chini, bila kumtazama mama yake.

Mama akachukua ndizi mbivu, akaimenya, akaikata vipande, akaanza kuwagawia kama desturi yake ya asubuhi. Walipokea. Mmoja akatania kwamba mimi nipewe mwisho. Mama akafika kwa Mama Shedrack, jirani yake wa miaka yote, aliyekuwa amecheka na wenzake.

"Ndaga, asante dada," Mama Shedrack alisema, mikono ikiwa bado chini ya kanga. "Tumbo langu leo haliko sawa."

Mama alisimama na kile kipande mbele yake. Hakunitazama. Akakila mwenyewe, chote, akafuta vidole kwenye kitenge, akaanza kupanga ndizi zake mezani.