Viatu Vyeusi vya Usaili

“Amegusa nini leo?” daktari aliuliza mara ya pili, na mimi nikaendelea kutazama sakafu.

Mdogo wangu alikuwa kitandani, midomo ya buluu, kucha za buluu, akihema juu juu. Walimwekea hewa ya mtungi lakini rangi ile haikuondoka. Mama alikuwa akimsugua vidole, akidhani ni baridi iliyomwingia.

Mimi nilikuwa najua. Kiwandani kwetu tulipaka viatu rangi iliyoyeyushwa kwa anilini, mafuta yenye harufu ya samaki aliyeoza. Siku za joto, midomo ya mmoja wetu ikigeuka buluu tulimcheka: “We, umelamba wino?” Alitoka nje, akapunga upepo, akanywa maziwa, akarudi kazini. Fundi mkuu alikuwa na sheria moja tu asiyoifanyia mzaha: kiatu kilichopakwa kitundikwe siku tatu kabla ya kuvaliwa. Sote tuliamini anaogopa wateja wasichafuke soksi.

Usaili wa ukarani ulimkuta mdogo wangu na jozi moja ya viatu, vyeupe, vilivyochubuka. Niliiba kichupa cha rangi nyeusi, nikakitia ndani ya koti, na jioni nikavipaka mara mbili. Asubuhi vilikuwa bado na unyevu.

“Kaka, mbona vinanata?”

“Vitakaukia miguuni. Nenda bwana, utachelewa.”

Alitembea juani saa nzima. Alianguka kwenye mlango wa ofisi, hata hajaitwa.

Sasa daktari alikuwa akiuliza, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kuiba rangi kulikuwa ni kufukuzwa kazi, na nyumba nzima ilikula kwa mshahara wangu. Nikajidanganya kwamba daktari atagundua mwenyewe. Dakika ishirini zilipita kwenye saa ya ukutani, niliziona zote. Mdogo wangu alipoacha kumwitikia mama, ndipo nikafungua kinywa.

“Ni rangi ya viatu. Ina anilini. Nilimpakia mimi.”

Daktari alimvua soksi. Nyayo zilikuwa nyeusi tii. “Hii inapenya kwenye ngozi,” alisema huku muuguzi akizisugua kwa sabuni. “Damu inashindwa kubeba hewa.” Akamchoma sindano ya dawa, nayo ya buluu, na baada ya muda midomo ikarudi rangi yake.

Akili, iliyokosa hewa dakika zile zote, haikurudi yote. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na bado maneno humpotea katikati ya sentensi. Ukarani hakuupata, wala kazi nyingine. Siku ile anaijua kama alivyosimuliwa na mama, na kila mgeni akija humsimulia, mkono wake begani kwangu.

“Kaka ndiye aliyemwambia daktari. Bila yeye saa hizi ningekuwa… ningekuwa…”

Analitafuta neno. Wageni wananitazama kwa heshima, na mimi, mwoga yule yule, nainamisha kichwa.

“Kaburini,” namsaidia.

“Eh, kaburini,” anasema, na kunishukuru.