Mtu wa Saa Nne

Nilipofungua mlango wa ofisi yangu mpya, mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Mzee wa suti ya kijivu, tai imekazwa mpaka kooni, mikono imetulia juu ya meza kama anayesubiri kupigwa picha. Hakushtuka. Alinitazama juu ya miwani yake, akanionyesha kiti cha wageni.

"Kaa, binti. Nina dakika tano."

Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikaa. Ilikuwa siku yangu ya tatu ya ukurugenzi, cheo nilichokihangaikia miaka kumi na saba katika idara ile ya ramani, na hapo nilikuwa mbele ya meza yangu mwenyewe kama mwombaji kazi. Mzee alichukua karatasi tupu, akaisoma kwa makini toka juu hadi chini, akaitia saini, akaiweka kando, akachukua nyingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani.

Katibu muhtasi akaingia na chai. Kikombe kimoja. Akamwekea yeye.

"Mwache tu, Mama," alininong'oneza mlangoni. "Ni mkurugenzi wa zamani. Huu mwaka wa tisa tangu astaafu. Saa tano huondoka mwenyewe. Hata aliyekutangulia alikuwa akimpisha."

"Anakuja kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili tunafunga."

Wiki mbili nilimpisha. Nilisimama dirishani nikimsikiliza akitia saini. Kalamu yake ilikuwa imekauka wino, kilichosikika ni mkwaruzo tu. Sikuona wazimu wowote kwake, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa nadhifu, mpole, na kile kiti kilikuwa kimemkubali kuliko kilivyonikubali mimi.

Siku moja nikampeleka kwake. Mkewe alitufungulia, mama mmoja mnene, mchangamfu, mikono imejaa unga. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, kisha akasema kwa adabu zote, "Karibuni, wageni."

Akatukalisha sebuleni, mzee kwenye kiti cha karibu na mlango. Picha zilijaa ukutani: harusi za watoto, wajukuu, mahafali. Yeye hakuwemo hata katika moja. Alizikagua kimyakimya, moja moja, halafu akauliza kwa upole:

"Samahani, choo kiko wapi?"

"Mlango wa pili, kushoto," mkewe akamjibu.

Alipotoka, mama yule alinisogelea. "Usinione mbaya, mwanangu. Haumwi. Madaktari wamempima mpaka wamechoka. Alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi tumelala, miaka thelathini na minne. Mimi na watoto tukajifunza kuishi, na tukaishi vizuri tu. Sasa, niambie wewe, nimweke wapi?" Akapangusa unga kwenye kanga. "Mrudishe kazini. Huko wanamjua."

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini mwezi ule ule niliandika barua ya kuomba nirudishwe kwenye meza ya kuchora ramani. Kaka yangu alisema nimerogwa, kwamba watu wanauana kwa ajili ya kiti kama kile. Huwa nawajibu kwamba nilichoka, na wanaridhika.

Ukweli ni kwamba nilipomrudisha mzee sikupanda naye juu. Nilimwingiza kwenye lifti, milango ikajifunga, nami nikaenda nyumbani.

Ilikuwa saa sita mchana. Mwanga uliingia sebuleni kwa upande nisioujua, ukaangukia vitu vyangu kana kwamba ni vya mtu mwingine. Na jikoni kulikuwa na mwanamume anaimba. Sauti nzito, iliyojiachia, ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Nikautazama ufunguo mkononi, nikidhani nimeingia nyumba ya watu.

Alikuwa mume wangu. Yeye ni fundi saa na kazi zake huzifanyia nyumbani. Siku hiyo alikuwa akikata vitunguu. Tulikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa. Aliponiona alinyamaza ghafla, akafuta mikono, akasimama wima, kama mtu aliyekutwa na mkubwa wake wa kazi.

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Hujawahi kuniambia unaimba."

Akafikiri kidogo. "Mbona naimba kila siku," akasema, bila lawama yoyote. "Muda huu wewe huwa hupo."

"Basi endelea."

"Siwezi, ukinitazama hivyo."

Nikatoka. Nikakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, viatu bado miguuni. Nikasikia kisu kikigonga ubao, kikasita, kikagonga tena. Nikazuia pumzi, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika usaili wowote, nikasubiri.