Pima ya Senah

Haya niliyasikia kwa shangazi yangu Mek Yam, mwaka ule mafuriko yalipochukua daraja letu, tulipokaa siku tatu tukichambua dagaa.

Senah alikuwa ameolewa miaka sita, na yote sita akiishi kwa mama mkwe. Hatimaye mumewe, Jusoh, akapata miti ya kujengea nyumba yao. Kwetu nyumba hupimwa kwa pima ya mke: ananyoosha mikono, fundi anakata ufito wa urefu huo, na kwa ufito huo zinahesabiwa mbao zote.

Basi Senah akarudi kutoka kumwuguza baba yake, na mbao nne za nakshi ya maua za kupamba ukingo wa paa. Baba alizichonga mwenyewe, kila ubao pima tatu za binti yake. Fundi Deraman akaupandisha wa kwanza. Ukazidi shibiri na vidole vinne.

"Baba yako amekosea."

"Baba yangu alijenga kabla hujaota meno. Lete huo ufito."

Akanyoosha mikono. Ufito ukaishia kiganjani.

"Huu ni wa nani?"

Deraman akamtazama Jusoh. Jusoh akatazama miguu yake.

"Wangu," akasema mama mkwe, Mek Jarah, tambuu mdomoni. "Hukuwepo, mwanangu. Fundi angoje mpaka lini? Mkono ni mkono."

"Mama, wako mfupi!"

"Mbona umekulisha miaka sita?"

Senah akamgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nimeshika upande wa pili."

"Boriti zimeshakatwa, dada," Deraman akasema. "Mti hupungua, hauongezeki. Tukate nakshi, Ijumaa mnahamia."

"Uyakate maua vichwa? Na mimi nilale ndani ya pima ya mama mpaka nife?"

"Basi hili liwe jiko. Nyumba ingoje miti ya mwakani," akasema fundi.

Mwakani! Mwaka wa saba wa kuulizwa nani kamaliza sukari.

"Liwe jiko," akasema. "Lakini ufito wangu ukate sasa hivi, nikiona."

"Jiko la pima yangu," Mek Jarah akacheka peke yake, "chumvi haitazidi."

Jua la mchana likawazidi. Fundi akalala chini ya ngazi, Jusoh kando yake, Mek Jarah kwenye mkeka. Senah akajilaza juu ya mbao zake, ufito wake mpya ubavuni, akahesabu boriti za mwakani, akakosea, akaanza upya, akakosea tena, mpaka usingizi ukamchukua na hasira zake.